Raundi ya Saba ya Mama Kumi-Tisa

Mke wangu ana miaka ishirini na mbili katika dobi ya hospitali, na kwa miaka kumi na moja kati ya hiyo amekuwa pia jaji wa ngumi za kulipwa. Watu wakisikia hilo la pili hunitazama mimi kwanza, wakinitafuta jeraha usoni. Nawaambia hajawahi kunigusa. Afadhali angenipiga, maana ngumi ikishapigwa imekwisha. Kuishi nyumba moja na mtu anayekutazama ukila, ukivaa, ukitia chumvi kwenye hadithi zako mbele ya wageni, halafu ananyamaza kama anaandika mahali, hiyo ni shughuli nyingine kabisa.

Jina lake la mtaani ni Mama Kumi-Tisa. Katika ngumi za kulipwa kila raundi huhesabiwa peke yake: aliyeshinda anaandikiwa kumi, aliyeshindwa tisa. Raundi ikiwa ya vuta nikuvute, jaji mwoga anaweza kujificha kwenye kumi kwa kumi, wote sawa, asilaumiwe na mtu. Mke wangu hajajificha huko hata mara moja. "Kukaribiana si kulingana," ndivyo anavyosema. "Watu wawili wamepigana dakika tatu nzima, halafu uniambie hukuona hata konde moja lililozidi? Ulikuwa unatazama nini?"

Mimi ni fundi makochi. Karakana yangu iko mbele ya nyumba yetu, chini ya bati, na ngumi nilizipenda kabla yake. Mimi ndiye niliyempeleka ukumbini mara ya kwanza tukiwa wachumba, nikamweleza kila kitu kwa sauti ya mtu anayejua. Kamisheni ya ngumi ilipotangaza kozi ya majaji tulijiandikisha wote wawili. Siku ya mtihani tulionyeshwa video za raundi ishirini ngumu ngumu, na mimi kumi na tatu kati yake niliandika kumi kwa kumi. Mkufunzi alishika karatasi yangu kwa vidole viwili akauliza, "Mzee, wewe umekuja kuhukumu au kusuluhisha?" Darasa zima likavunjika mbavu. Mke wangu alipewa leseni, mimi nilipewa soda. Kisa hicho nimekisimulia miaka yote hii kama kichekesho, na kila nikikisimulia nacheka mimi kabla ya wengine.

Huko dobi kazi yake ni kukagua. Shuka zikitoka kwenye mashine na kupigwa pasi, yeye huzikunjua moja moja mbele ya dirisha kubwa na kuzigawa: hii safi iende wodini, hii irudi ikafuliwe tena, hii imekwisha, ikatwe matambara. Ana wasichana sita chini yake na wote wanamwogopa. Anawafundisha kwamba shuka chafu sana ikikupitia mkononi, inayofuata utaiona nyeupe hata kama si nyeupe, kwa hiyo katikati uangalie ukuta kwanza, ndipo ushike nyingine. Ulingoni alikuwa hivyohivyo. Raundi ikiisha anaandika, anatia sahihi, refa anachukua kile kikaratasi, na yeye anatazama ukuta. "Raundi ikishakwenda imekwenda," husema. "Usimfidie mtu kwenye hii kwa yaliyompata kwenye ile."

Maneno hayo ndiyo yaliyokuja kumtafuna.

Lilikuwa pambano la raundi kumi, Jumamosi mchana. Kona nyekundu alikuwa Seremala, mtu wa kifua kipana anayeingia kichwa chini kama anasukuma mlango uliokwama. Kona ya buluu alikuwa Mwokaji. Huyu ni mwokaji kweli, anakanda unga kwenye kiwanda cha mikate, na kwa kukanda huko amepata mkono wa kushoto mrefu, mtulivu, usiochoka. Anapigana akirudi nyuma nusu hatua, anakungoja uje, halafu ule mkono unakufikia kabla wako haujafika. Wapenda fujo hawampendi. Mimi nilikuwa mstari wa tatu, kiti cha bure cha mume wa jaji, na suti yangu.

Raundi ya sita ikielekea mwisho, Seremala alikuwa karibu na kona yake mwenyewe. Wasaidizi wake walikuwa wamemmwagia maji kichwani wakati wa mapumziko, na turubai pale lilikuwa limelowa. Alipogeuka, mguu wa nyuma ukamtoka. Wakati uleule Mwokaji alikuwa ametupa kushoto, glovu ikampitia begani tu. Seremala akakaa chini kwa makalio. Refa alikuwa nyuma ya mgongo wa Mwokaji, na kutoka pale alichokiona ni mkono umekwenda na mtu ameanguka. Akaanza kuhesabu. Moja, mbili, tatu, mpaka nane.

Mke wangu alikuwa amekaa upande uleule wa kona nyekundu. Maji aliyaona, mguu aliuona.

Lakini jaji hana ruhusa ya kuamua kama mtu ameangushwa au ameteleza. Hilo ni la refa peke yake. Refa akihesabu, aliyeanguka anakatwa pointi, na jaji anaandika hata kama macho yake yanamwambia mengine. Raundi ile ilikuwa ya Mwokaji kwa kidogo, kumi kwa tisa. Kwa ule mtelezo ikawa kumi kwa nane. Mimi nilikuwa nimesimama juu ya kiti napiga kelele, "Ameteleza! Refa, vaa miwani!" Yeye aliinama, akaandika nane, akatia sahihi.

Raundi ya saba ilikuwa ya karibu sana. Ndivyo walivyosema wote. Mke wangu aliiandika ya Seremala.

Mwisho wa pambano jaji mmoja alimpa Mwokaji ushindi, mwingine akampa Seremala, na kadi ya tatu ikasomwa: tisini na tano kwa tisini na nne, Seremala. Ilikuwa ya mke wangu. Pointi moja. Ukumbi ukalipuka. Mwokaji alimkumbatia mwenzake, akateremka ulingoni akiwa na taulo kichwani.

Jumapili asubuhi refa alitazama video, na kwa kuwa ni muungwana alisema redioni kwamba alikosea, haukuwa mwangusho, ulikuwa mtelezo. Basi hapo ndipo sifa zilipoanza kumiminika. Kumbe haki imejitafutia njia yenyewe! Kumbe Mama Kumi-Tisa hayumbishwi! Jirani zetu walikuja mpaka mlangoni. Shemeji yangu alipiga simu kutoka mbali kuniambia nimeoa almasi. Saa sita mchana mwenyekiti wa majaji naye akapiga, akasema pambano la mkanda wa ubingwa, miezi miwili ijayo, kiti kimoja ni chake. Mimi nilikuwa nimeshaanza kufikiria tai ya kuvaa.

Yeye alikuwa juu ya kigoda anashusha mapazia.

"Si uliyafua Jumapili iliyopita?" nikamuuliza.

"Yana vumbi."

Hayakuwa na vumbi. Aliyafua, akayaanika, akayapiga pasi, akayarudisha. Halafu akalisukuma kabati kutoka ukuta huu kwenda ule, akalitazama, akalirudisha. Chai yake ilipoa mara tatu. Akikaa, mguu wake wa kulia unapigapiga sakafu mpaka vikombe vinaitikia mezani. Akisimama, anakwenda getini, anachungulia barabara ambayo haina kitu, anarudi. Mwanamke ambaye miaka kumi na moja alitoka ukumbini na kulala fofofo, sasa amekuwa kiguu na njia ndani ya nyumba yake mwenyewe. Nami sitaficha, nilikereka. Ukiwa na furaha unataka mwenzako akae chini muifurahie wote.

Jumatatu alirudisha shuka arobaini zikafuliwe upya. Msichana mmoja wa dobi alinisimamisha njiani jioni, akaniuliza kwa adabu kama mama anaumwa, maana zile shuka zilikuwa safi kabisa, wote wameziona.

Jumanne nilitoka kununua sponji, niliporudi karakana nikamkuta amekaa kwenye kochi nililolivua kitambaa, juu ya springi tupu. Alikuwa ameiegemeza simu kwenye mkono wa kochi, sauti ameizima, na mapajani ana kopo langu la vifungo vya makochi. Alikuwa akitazama raundi ya saba. Konde safi la Mwokaji, kifungo cheupe kinakwenda kushoto. Konde safi la Seremala, cha kahawia kinakwenda kulia. Lililogonga glovu au kiwiko, au lililopiga hewa, hakuna kifungo. Raundi ilipoisha akavihesabu, akavirudisha koponi na kuanza upya.

"Vipi?" nikasema.

"Kumi na nne kwa tisa."

"Ya nani?"

"Ya Mwokaji. Mara ya kwanza nilipata kumi na tatu kwa tisa. Mara moja ikaja kumi na nne kwa kumi. Hii ni mara ya sita, baba watoto, na sijapata hata mara moja Seremala akiwa mbele."

Niliketi kwenye meza ya kukatia. Nikamwambia yale ambayo mtu yeyote angemwambia: kwamba video si ulingo, kwamba raundi ilikuwa ya karibu, kwamba jaji yeyote angeweza kuiandika upande wowote.

"Jaji yeyote angeweza," alisema. "Mimi nisingeweza. Unajua nilikuwa na nini kichwani kengele ilipolia? Nilikuwa nasema, huyu kaonewa, huyu kaonewa. Sikutazama ukuta. Dakika tatu zote nilimtazama Seremala peke yake. Kila alipotupa mkono niliuona umefika. Yule mwingine sikumtazama kabisa. Nilimfidia mtu."

"Lakini si aliteleza kweli? Refa mwenyewe kakubali. Wewe umesawazisha tu."

"Nimesawazisha?" Akasimama, vifungo vikatapakaa sakafuni. "Hebu hesabu. Toa ule mtelezo, na raundi ya saba uiandike ilivyokuwa. Tisini na tano kwa tisini na tano. Kwenye kadi yangu ilikuwa sare! Hakuna aliyeshinda. Mimi nikachukua kosa la refa nikaweka langu juu yake, nikatoa mshindi. Mimi sikuwekwa pale kusawazisha. Kusawazisha ni kazi yako."

Hilo la mwisho lilinichoma. Nilipiga magoti nikaanza kuokota vifungo, nisimwonyeshe uso.

Basi tuliyajua wote wawili. Akinyamaza, hakuna mtu duniani atakayegundua, na mkanda atauhukumu. Akisema, leseni imekwenda. Na akisema au asiseme, matokeo yangebaki yaleyale, maana kanuni ya kamisheni ni kwamba jaji akishatia sahihi hana tena cha kufuta. Nilimwuliza, sasa kuna faida gani? Alikwenda getini.

Jumatano, saa kumi kasoro, Mwokaji alikuja mwenyewe.

Nilimwona akisimama nje ya karakana anajifuta viatu, ingawa sakafu yangu ni saruji na manyoya ya sponji. Unga ulikuwa umebaki nyuma ya sikio. Jicho la kushoto limevimba, na juu ya nyusi kuna plasta mpya. Nikajua kwamba hilo si la Jumamosi, kwa sababu Jumamosi alishuka ulingoni uso wake mzima.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

Tukaitikia. Mke wangu alikuwa ndiyo kwanza ametoka kazini, bado na sare ya dobi. Alimkaribisha kwenye kochi la mteja, Mwokaji akakaa kwenye ukingo wake tu.

"Mama, sikuja kulalamika," alisema. "Naomba unielewe hivyo. Nimekuja kuuliza ili nijifunze. Kocha amepiga hesabu zake, anasema raundi iliyoniangusha ni ya saba. Anasema majaji hawataki mtu anayerudi nyuma, kwa hiyo ule mkono wa kushoto niuache, niingie ndani tubadilishane. Tumeanza juzi." Akagusa plasta, akacheka kidogo. "Sijazoea bado. Nina pambano baada ya wiki sita. Nikasema wacha nimwulize mwenyewe aliyeniandika. Raundi ya saba nilikosea wapi?"

Mke wangu alifungua mdomo. Nilijua kabisa kinachokuja. Niliona mkanda, niliona kiti cha mstari wa tatu, niliona jirani zetu wakibadilisha nyuso. Kabla hajatoa neno nikaruka mimi.

"Ulikuwa unarudi nyuma mno, kijana wangu! Mno! Mtu anakuja, wewe unaondoka, mtu anakuja, wewe unaondoka. Jaji akuandikie nini? Kocha wako anajua kazi."

Niliyasema kwa uhakika kiasi kwamba Mwokaji alianza kutikisa kichwa kukubali. Sasa niseme jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu. Raundi ya saba mimi sikuiona. Nilikuwa chooni. Nilikunywa soda mbili, na kwenye foleni walikuwepo watu wanane.

Mke wangu alinitazama. Kwa kanuni zao jaji hazungumzii kadi yake nje ya kamisheni, na nadhani hiyo ndiyo kamba aliyoishika kwa muda ule. "Jaji haongei kadi yake, mwanangu," alisema kwa sauti ndogo. "Pole kwa jicho."

"Asante mama. Mzee keshanisaidia." Akainuka, akatushukuru wote wawili, akaenda zake. Akanishukuru mimi!

Mama Kumi-Tisa hakunigombeza. Angenigombeza ningepumua. Alivua sare, akavaa gauni, akaivaa tena sare. Akafagia karakana ambayo mimi ndiye huifagia. Akatoka, akarudi, akasimama mlangoni. "Lile jicho," alisema. Akatoka tena.

Alhamisi zamu yake ilipoisha hakuja nyumbani. Nilimsubiri, nikashindwa kushona hata mshono mmoja ulionyooka, nikafunga karakana mapema na kwenda. Nilijua pa kwenda.

Jimu yao ni ghala la zamani lenye ulingo mmoja na mifuko minne iliyoning'inizwa kwa minyororo. Nilimkuta amesimama kando ya kamba, mkoba begani. Ulingoni Mwokaji alikuwa anafanya mazoezi na bondia mzito kuliko yeye. Alikuwa ameukunja ule mkono wa kushoto kifuani kama umevunjika, anaingia kichwa chini, anapigwa, anaingia, anapigwa. Plasta ilikuwa imefunguka. Kocha alikuwa akipiga makofi, "Hivyo hivyo! Usirudi! Usirudi!" Kila konde lilipompata, bega la mke wangu lilishtuka.

Kengele ya mapumziko ilipolia alipanda ngazi mbili, akashika kamba ya juu.

"Mwokaji."

Watu wote wakageuka.

"Raundi ya saba ilikuwa yako. Mimi niliiandika vibaya. Hukukosea kitu. Ule mkono wako ulifika mara kumi na nne, wa mwenzako mara tisa. Niliona ameonewa kwenye ya sita, nikamfidia kwenye ya saba. Kosa ni langu, si la mkono wako."

Kuna mfuko uliendelea kuning'inia na kulia kwenye mnyororo wake, mpaka mtu mmoja akaushika.

Mwokaji alitoa kinga ya meno. Nilitegemea atashukuru. Nadhani hata yeye mke wangu alitegemea hivyo, kidogo.

"Kwa hiyo nilishinda?"

"Kwenye kadi yangu, pamoja na ule mwangusho refa aliouhesabu, ndiyo. Ungeshinda."

"Na matokeo?"

"Hayabadiliki. Nikishasaini, nimesaini."

"Sasa mama, unaniambia ili iweje?" Sauti ilimpanda. "Nilikuwa nimeshakubali! Nimemwambia mke wangu nimeshindwa, nimewaambia watu kazini nimeshindwa, nimelala, nimeamka, nimekubali. Sasa nirudi nyumbani nikaseme nini? Unakuja kutua mzigo wako kwangu, wewe uende ukalale?"

Mke wangu aliipokea hiyo bila kuinama. Ilimpata, niliona. "Una haki ya kusema hivyo," alisema. "Lakini sikuja kwa ajili ya kulala. Nimekuja kwa sababu ya lile jicho. Unautelekeza mkono mzuri kwa sababu ya kalamu yangu mbaya. Nichukie, sawa. Ila usiuache huo mkono."

Mwokaji alitazama kushoto kwake, ile glovu aliyoikunja. Kisha akaniona mimi, nimejibanza karibu na mlango.

"Na wewe mzee? Uliniambia narudi nyuma mno."

Kulikuwa na watu kama kumi na tano mle ndani. Ningeweza kusema kila mtu ana maoni yake. Ningeweza kusema nilimaanisha raundi nyingine.

"Mimi nilikuwa chooni," nikasema. "Raundi ya saba sikuiona kabisa."

Jimu nzima ikacheka, hata kocha. Mwokaji hakucheka, wala mke wangu. Na ajabu ni kwamba mimi, ninayejichekea kabla ya wengine siku zote, sikuweza.

Usiku uleule aliandika barua kwa kamisheni, ukurasa mmoja, akaambatanisha leseni. Mwenyekiti alikuja mwenyewe Jumamosi, akakaa kwenye kochi lilelile la mteja. "Dada, kwa nini unajichimbia? Hakuna aliyelalamika." Akamjibu, "Mimi nimelalamika." Mwenyekiti akashusha pumzi. Alimsifu, akamsikitikia, akaondoka na leseni. Wiki iliyofuata ukaja uamuzi: amesimamishwa mwaka mmoja, na akitaka kurudi aanze na kozi upya. Pambano la mkanda likapewa jaji mwingine. Jirani walewale waliokuja mlangoni sasa walisema mama yule kachanganyikiwa. Shemeji yangu hakupiga simu.

Sitasema alitulia mara moja. Mguu uliendelea kupigapiga chini ya meza. Lile neno la Mwokaji, kwamba alikwenda kutua mzigo, lilimkaa. Mara mbili nilimkuta ameshika simu kutaka kumpigia, mara mbili akaiweka chini. Shuka, angalau, zilianza kwenda wodini kama kawaida.

Zile wiki sita zikaisha, Mwokaji akapanda ulingoni tena, kona ya buluu, dhidi ya bondia mmoja mpaka rangi wa nyumba, mwepesi wa miguu. Safari hii tulikaa mstari wa kumi na mbili kwa tiketi zetu wenyewe, mimi bila suti. Kabla ya kengele ya kwanza nilimwona mke wangu amekamata mkoba kwa mikono miwili. Kisha Mwokaji akanyoosha mkono. Wa kushoto, mrefu, mtulivu, palepale ulipokuwa siku zote. Mke wangu akatoa pumzi kama mtu aliyetoka majini. Lakini mguu ulikuwa bado unacheza, na kiti changu kilikuwa kinatikisika pamoja nao.

Raundi ya tano ilikuwa ngumu, ngumu kama zile za mtihani. Ilipoisha, watu wa mstari wa nyuma wakamgusa bega. "Mama Kumi-Tisa, hiyo ya nani?"

Alinigeukia mimi.

"Sema wewe kwanza."

Ulimi wangu ulikuwa umeshaandaa kumi kwa kumi, kwa mazoea tu. Tena nilimtaka Mwokaji. Niliutaka ushindi wake kuliko nilivyoutaka mkanda, labda kwa ajili ya lile jicho, labda kwa ajili ya asante aliyonipa bure. Lakini dakika ya mwisho yule mpaka rangi alikuwa amemfikia mbavuni mara tatu, makonde safi, na mimi sikuwa chooni.

"Nyekundu," nikasema. "Kumi kwa tisa."

Hakunipongeza. Alitikisa kichwa kukubali, akauweka mkoba chini, akakaa sawasawa, miguu yote miwili imetulia sakafuni. Kengele ya raundi ya sita ikalia.